Upande wa Audito

Ingieni, wanangu, ingieni wote wawili mfunge mlango, msogeze viti upande huu wa kitanda ambako maji hayadondoki. Nolfa, iache hiyo ndoo, haijajaa. Nimeisikiliza tangu asubuhi na najua imebakiza vidole vinne. Edecio, vua koti la mvua, mwanangu, mvua imekatika tangu adhuhuri, na mtu haagwi na mwenziwe aliyevaa kama anayekimbilia kivuko. Chai ya mate kunyweni ninyi, koo langu halipitishi tena kitu. Pumzi niliyobaki nayo ni ya maneno haya tu, kwa hiyo msinikatize, hata nikisema la kuwaumiza, na nitalisema.

Nianze na vitu, maana vitu ni vyepesi. Nyumba hii ni ya Nolfa, ambaye amebaki nami na kunipikia na kunisikiliza nikilalamika kama kwamba kulalamika ni kazi ya mshahara. Edecio, usinune, wewe chukua shamba la viazi la kule juu, na mitufaha yote, na mtambo wa kukamulia chicha, pombe yetu ya matufaha, na mashua pamoja na injini yake ambayo haiwaki mpaka itukanwe. Wale maksai wawili msiwatenganishe, wamevaa nira moja miaka minane, ukimuuza mmoja yule wa pili ataacha kula. Kuna deni moja: mzee Eleuterio alinipa siku mbili za kuvuna viazi mwaka jana, nami sikumrudishia kwa sababu ya kifua hiki. Nenda mwenyewe, Edecio, kwa mikono yako. Usimtume kibarua. Huko kiwandani kwenu kwenye samaki siku ya mtu hulipwa kwa karatasi, lakini hapa kisiwani siku ya mtu hulipwa kwa siku ya mtu, na asiyerudisha siku, hata jeneza lake litakosa wabebaji.

Hayo yamekwisha. Sasa tuje kwenye mabati.

Mabati yako bandani, yale mekundu aliyoyatuma Mirta, binti ya ndugu yangu Audito, kwa kivuko cha mwezi wa pili, na kofia zake, na misumari yake yenye mpira. Miezi miwili yamelala humo chini ya magunia, nami nikawakataza msiyaguse. Nayo hayo ni ya juzi tu. Ni miaka mingapi mmenisihi? Nolfa, wewe uliniambia, "Baba, hata kanisa limeezekwa bati, Mungu mwenyewe amekubali, wewe ni nani ukatae?" Nikakujibu kwamba bati linapiga kelele kama watu wanaomwaga kokoto, kwamba bati halipumui, kwamba vigae vya mti wa alerce hudumu miaka mia na babu yangu alikufa akaviacha vya babu yake vikiwa vizima. Ni kweli tupu nilikuwa nikisema, na kwa kweli hiyo niliwadanganya, maana si hayo yaliyonizuia. Mficha maradhi kilio humfichua, wanangu, na mimi nataka kujifichua mwenyewe kabla kilio hakijaanza.

Sikilizeni basi mambo ya zamani, ya kabla hamjazaliwa.

Mimi na Audito tulikuwa wapasuaji wa vigae vya mbao. Kila kiangazi tulivuka ghuba kwa mashua ya tanga tukapanda milima ya ng'ambo, tukalala kwenye kibanda cha magome, miezi mitatu, tukila unga wa ngano iliyokaangwa na nyama ya kukausha. Ah, wanangu, harufu ile! Alerce ikipasuka inatoa harufu tamu, na mbao inang'aa wekundu kama nyama ya samoni. Audito alikuwa mdogo wangu kwa miaka mitatu, mfupi, mwenye masikio makubwa, na mkono wake ulikuwa na kipaji ambacho wangu haukuwa nacho, semeni nini. Aliweka chuma chake cha kupasulia juu ya gogo, akagonga mara moja kwa nyundo ya mti, na kigae kikajitenga chenyewe, kimenyooka, hakina hata unyuzi uliosimama. Mimi nilihitaji mapigo matatu na tusi moja. Wanunuzi walipokuja pwani waliuliza kwanza, "Vya Audito viko wapi?" na vyangu walivichukua vya Audito vikiisha. Nilimpenda, na nilimwonea wivu, na hayo mawili hulala kitanda kimoja bila kugombana mpaka siku moja.

Ili vyake na vyangu visichanganyike, kila mmoja alitia alama yake kwa kisu. Aliitia kwenye ncha ya juu ya kigae, upande wa nje, pale panapofunikwa na safu inayofuata, ili isiharibu uso wa paa. Audito alikata mistari mitatu, kama mguu wa ndege. Mimi nilikata mmoja tu, kwa sababu hata kisu mara ya pili sikuwa na subira nacho. Shikeni hilo la alama.

Kiangazi kile nilichomposa mama yenu Elcira, baba yake, mzee Belarmino, aliniambia hamtoi binti yake kwa mtu asiye na paa. Kenchi za nyumba hii zilikuwa zimesimama, wazi, ndege wanaingia na kutoka. Tukapanda mlimani, mimi na Audito, kuja na vigae vya paa zima, nusu wake, nusu wangu, na nusu yake ilikuwa zawadi ya harusi. Tulifika mwezi ukiwa mchanga. Mnajua nyote, mtoto wa hapa anajua kabla ya kujua kusali: mti haukatwi mwezi unapokua, maji yanakuwa juu, mbao inajikunja na kuoza. Hungoja upungue. Audito akakaa, akanoa shoka, akapika, akapiga kinanda chake kibovu. Mimi siku ya tatu nikachukua shoka.

Akaniuliza, "Unakwenda wapi, Custodio? Mwezi bado mtoto."

Nikamwambia, "Elcira hakui na mwezi. Namtaka kabla ya baridi."

Akacheka mpaka akaangusha sufuria. "Kata, kata, bwana harusi. Utalala na mwavuli kitandani, na mke utamweka chini ya meza."

Nikakata. Haraka haina baraka, nalijua neno hilo tangu utoto, lakini moyo wa kijana una masikio ya kuchagua. Vyangu vilikuwa tayari yeye hajagonga hata kimoja. Yeye alivipasua vyake mwezi ulipopungua, taratibu, akiimba, na tukavuka pamoja mashua ikiwa imejaa mpaka maji yanalamba ukingo.

Watu wote wa kitongoji walikuja siku ya kuezeka. Wanakondoo wawili, mikate ya viazi mpaka mama yenu vidole vikatoka damu kwa kukwaruza viazi, chicha mapipa mawili. Upande wa kaskazini ndio unaopigwa na mvua, mnaujua upepo wetu. Audito akasema mbele yangu tu, hakuna aliyesikia, "Vyangu viweke kaskazini, kaka. Nataka mimi nipigwe." Basi ikawa hivyo. Kaskazini vyake, kusini vyangu. Watu walipandisha vigae, wakapigilia, jioni paa likawa jekundu zima, na huwezi kujua kipi cha nani.

Baridi ya kwanza, salama. Baridi ya pili upande wa kusini ukaanza kujikunja, kigae kwa kigae, kama vidole vya mzee. Vikapanda kingo, maji yakapita. Mvua haipigi hata nusu huko, lakini maji yaliingia, na yaliingia juu ya kitanda cha arusi, hiki hapa. Mama yenu alikuwa na mimba yako, Nolfa. Alihamisha kitanda mara nne, akicheka bado.

Sasa ninakuja pale penyewe. Nolfa, nipe mkono.

Ilikuwa siku ya kuchinja nguruwe, hapa uani, nusu ya kisiwa ipo, sufuria ya mafuta inachemka. Mzee Belarmino aliingia ndani kutafuta kitambaa, akatoka na uso wa radi, akauliza mbele ya watu wote, "Nani amepasua vigae vya upande huu? Binti yangu analala kwenye kinamasi!" Nilikuwa na nyama mdomoni. Wanangu, ulimi hauna mfupa. Sikupanga. Sikuwaza usiku uliopita kwamba nitasema. Nilitafuna, nikameza, nikasema, "Upande huo ni wa Audito."

Ndivyo. Maneno matano.

Audito alikuwa ng'ambo ya sufuria na sahani yake. Aliniangalia. Akangoja, nadhani alifikiri nafanya mzaha na kwamba nitacheka. Sikucheka. Mzee mmoja akasema, "Kumbe wanunuzi wamekuwa wakilipia jina tu!" na mwingine, "Masikio yote hayo na hasikii mwezi unasema nini," na watu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao ili kicheko kisinigeukie.

Alinikuta langoni jioni. Alisema kwa sauti ya chini, "Ningepanda sasa hivi ning'oe safu moja, waone alama. Lakini mke wako ana mimba na mvua inanyesha. Siwezi kufunua paa juu ya mwanamke mwenye mimba. Wewe sema, Custodio. Sema ukiwa tayari." Akanishika bega. Alinishika bega, wanangu! Nami nikasema, ndiyo, wiki ijayo, watu wakikusanyika tena.

Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Kiangazi kilichofuata hakuna aliyenunua vigae vya Audito. Mpasuaji ana nini ila jina? Akauza chuma chake, akapanda meli ya kwenda kusini, akavuka mpaka wa nchi hadi mji wa Río Gallegos akawa mchunga kondoo wa watu, yeye aliyesoma mti kama padri anavyosoma kitabu. Wewe Nolfa ulizaliwa wiki moja baada ya meli kuondoka.

Aliniandikia barua tatu. Sikujibu hata moja. Ya tatu ninaijua kwa moyo: "Hapa hakuna miti, kaka, ni upepo mtupu na nyasi. Usiku najaribu kukumbuka harufu ya alerce na siipati tena. Nitumie kipande." Nikabandua kipande, nikakitia kwenye bahasha, nikaandika jina lake, nikaiweka juu ya kabati. Ikakaa pale mpaka panya wakaila. Niliogopa, kwa sababu mtu ukimtumia kipande atakuja kukushukuru, na akija atatazama juu.

Hiyo ndiyo sababu ya kila kitu ambacho hamkukielewa katika nyumba hii. Ndiyo sababu nilipanda paani peke yangu miaka hamsini na zaidi, na kila kigae kilichovunjika nilikishusha chini ya shati nikakitia jikoni motoni kikiwa kimelowa, moshi ukatutoa machozi sote. Edecio, ulikuwa na miaka kumi na sita ulipopanda kunisaidia, mimi nikiwa sokoni. Nilirudi nikakukuta juu na nyundo, unanionyesha kwa furaha, na nikakushusha na kukupiga mbele ya mama yako mpaka sikio likatoka damu. Ulidhani nakupiga kwa sababu uliharibu. Hukuharibu kitu, mwanangu. Ulikuwa umeshika kigae mkononi, na alama ilikuwa chini ya kidole gumba chako. Baridi ile ile ukaondoka kwenda bara, ukawa mgeni kwetu. Nilimfukuza ndugu kwa ulimi, nikamfukuza mwana kwa mkono, vyote kwa ajili ya mstari mmoja wa kisu. Nisamehe. Hapana, usijibu sasa. Utanijibu ukitaka, nikiwa sipo.

Mama yenu alijua? Sikumwambia. Lakini kila sikukuu ya Mtakatifu Yohana aliweka bakuli moja zaidi mezani, nikamuuliza la nani, akasema, "La mwenye kulihitaji," akanitazama kwa muda. Nina hamu naye, wanangu. Nina hamu nao wote wawili, yeye na Audito, mpaka mifupa inauma. Ningetoa mwaka wa maisha, niwe nao, nisikie tena vicheko vyao jikoni, yeye anamtania masikio naye anamtania mikate yake.

Nipe maji, Nolfa. Kidogo tu, nilowe midomo. Basi.

Mwezi wa pili akaja Mirta. Mlimwona: masikio yale yale. Audito alikuwa amekufa majira ya baridi, naye alitaka kuona mahali baba yake alipozaliwa. Siku ya tatu alisimama uani, akatazama juu, akaniuliza, "Baba mkubwa, upande wa baba ni upi?"

Ndugu yangu kafa. Hakuna aliyebaki wa kunishitaki. Mzee Belarmino mavumbi, wacheshi wale wote mavumbi. Mlango ulikuwa wazi, ningepita tu. Na mkono wangu huu, huu hapa, ukanyanyuka wenyewe, ukaonyesha kusini. Kwenye kuvu na mashimo.

Alitazama sana. Kisha alilia, akanishika mikono miwili, akasema, "Baba mkubwa, tusamehe. Baba hakuwahi kutuambia kwa nini aliondoka. Sasa naelewa. Alikuwa anaona aibu." Aliniomba msamaha, wanangu. Mtoto wa Audito aliniomba mimi msamaha kwa niaba ya Audito. Na wiki mbili baadaye kivuko kikaleta mabati, na barua kwamba ni ya kufunika kosa la baba yake.

Mlidhani ni zawadi. Mlisema, "Binti huyu ana moyo mzuri." Siwezi kufa chini ya mabati yale, na siwezi kuendelea kuishi chini ya vigae hivi.

Kwa hiyo huu ndio wosia wangu, na mengine yote yalikuwa kusafisha koo tu. Paa lishushwe. Lote, kaskazini na kusini. Msimwite fundi wa mjini na gari lake. Waiteni watu, kwa mikono yao, kama lilivyopandishwa. Kila kigae kisomwe alama kabla hakijawekwa chini, kwa sauti, mbele ya watu. Vya kusini vichomwe. Vya kaskazini, vya mguu wa ndege, mtavikuta vizima, navijua, nimeviangalia kwa hasira miaka yote hii. Hivyo vipangeni vizuri, vifungeni kwa kamba, vipelekwe kwa Mirta, ajengee ukuta au chochote, avinuse akitaka. Mabati mwezekeeni Nolfa. Bati ni zuri. Nolfa, kifua chako kitapona, utalala mahali popote utakapo ndani ya nyumba yako.

Na mnaitikia kwa vichwa, "ndiyo baba, tutafanya, ukishatutoka." Hapana. Hapana! Ndiyo maana nimewaita mchana. Nikiisha kufa, watu watasema, "Maskini mzee Custodio, alikosa, Mungu amrehemu," watakunywa chicha yangu na kunilaza vizuri. Aibu ya maiti haimwumi mtu. Audito aliibeba yake akiwa hai, akila nayo, akilala nayo. Mimi nataka walau saa moja ya yangu.

Jikoni kuna watu kumi na wawili waliokuja kunisalia. Mzee Eleuterio ana rozari mkononi. Mwambieni aiweke mfukoni, apande ngazi. Waambieni yote niliyowaambia, msipunguze neno. Edecio, panda wewe kwanza. Leo hakuna wa kukushusha. Anza na kusini, hapa juu ya kichwa changu. Mkinimwagia vumbi, sawa. Mkiona mbingu kupitia hapo, nami nitaiona. Nenda, mwanangu. Nenda na baraka yangu: Mungu akupe mikono inayorudisha siku za watu, akupe ulimi mzito, akupe watoto watakaopanda juu ya paa lako bila kukuogopa.

Wewe Nolfa, baki. Baraka yako… subiri. Pumzi. Baraka yako ni ukavu, binti yangu. Ukae pakavu siku zako zote. Na yeyote atakayekuja akitafuta bakuli, asikose.

Sikia, wamekwisha kutoka nje. Mmoja anasema, ni Eleuterio. Ananitukana. Vizuri. Vizuri, mwache.

Hiyo ngazi. Huo ni msumari. Msumari wangu, unalia kama nilivyoupiga, kwa kupinda.

Edecio anasemaje? Mstari mmoja. Rudia. Mstari mmoja… mstari mmoja. Ndiyo. Mwambie aseme kwa sauti, wa nje wasikie.

Simu yako iko wapi? Mpigie Mirta. Sasa, Nolfa, siwezi kungoja jioni. Iweke hapa, karibu na mdomo, mimi sioni vizuri, hili jua limeanza kuingia. Inaita?

Mirta. Ni baba mkubwa. Hapana, mwanangu, si homa… nisikilize, usikate. Kelele hizo ni paa. Upande wa baba yako hauvuji. Haujavuja hata siku moja.